Kuongeza Si Kukuza: Mjadala wa Sataranji Mpya

Kuna swali moja ambalo kwa muda wa wiki tatu sasa limeishughulisha baraza yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, kuliko bei ya sukari na kuliko siasa. Kwa mtu wa nje swali lenyewe laweza kuonekana dogo: je, mchezo mzuri ukiongezwa vitu, huzidi uzuri au huharibika? Lakini nyuma ya swali hilo pana pesa za vijana, pana jioni zao, na pana heshima ya mchezo ambao watu wameucheza kwa zaidi ya miaka elfu. Kwa hivyo nimeonelea niulete mbele ya wasomaji wa ukurasa huu tuuchambue pamoja kwa insafu.

Mambo yalianza hivi. Vijana wa mtaa wetu walianza kuchanga fedha kidogo kidogo tangu Mfungo Mosi ili wanunue vifaa vya michezo ya kukaa. Shabaha yao ni njema. Wanataka watoto wa miaka kumi na tano, kumi na sita, ambao baada ya al-asiri hawana la kufanya, wapate mahali pa kukaa mbele ya macho ya wazee, wasipotelee vichochoroni ambako wauza unga wawangojea. Aliyezika mtoto wa jirani kwa ajili ya unga hahitaji kuelezwa zaidi.

Ikawa mpwa wangu, ambaye afanya kazi Dubai, amekuja likizo na sanduku la sataranji. Alipolifungua tukaona kete tulizozizoea: shaha, waziri, ngome, farasi na askari. Lakini pembeni palikuwa na kete nne ngeni, mbili nyeupe na mbili nyeusi. Tukauliza ni nini. Akasema huyu ni mwewe na huyu ni ndovu, ni nyongeza.

"Mjomba," akaniambia, "sataranji ya kawaida imekwisha. Kompyuta zimeimaliza. Hizo pesa za vijana tununue hizi mpya."

Maalim, ambaye amepita miaka themanini na ametusomesha chuoni sisi sote, akainua macho kutoka kwenye bao lake. "Imekwisha lini?" akauliza. "Mbona mimi bado sijaimaliza?"

Watu wakacheka, lakini mpwa wangu si mjinga, na kicheko si jawabu. Nikaombwa mimi, kwa kuwa ndimi mwenye kalamu, nilitazame jambo hili na kutoa rai kabla pesa hazijatumika.

Hoja ya vijana

Insafu yataka tuanze na hoja ya anayedai mabadiliko, na hoja yake ina uzito. Mwaka 1997, huko New York, kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia. Tangu hapo mashine zimezidi nguvu, na leo simu ya mkononi yaweza kumshinda bingwa yeyote aliye hai. Mabingwa nao wamegeuka kuwa wanafunzi wa mashine. Hukaa miezi wakihifadhi miendo ya mwanzo waliyoonyeshwa na kompyuta, kisha wakaja ubaoni kuitapika.

Matunda yake yakaonekana mwaka 2018. Magnus Carlsen wa Norway na Fabiano Caruana wa Marekani walikutana London kuwania ubingwa wa dunia. Wakacheza michezo 12 ya kawaida, na yote 12 ikaisha sare. Ilibidi mshindi apatikane kwa michezo ya haraka. Mwaka 2022 Carlsen mwenyewe, bingwa tangu 2013, akatangaza kuwa hatautetea tena ubingwa ule.

Sisi tuliosoma chuoni twaijua thamani ya kuhifadhi. Walakini kuhifadhi Msahafu ni ibada, na kuhifadhi miendo ishirini ya sataranji ili umtege mwenzio kabla hajaanza kufikiri ni kazi ya karani. Mpwa wangu asema: tukiongeza kete mpya, yote yaliyohifadhiwa yatakuwa bure, na watu watarudi kufikiri. Hiyo ndiyo hoja yake, na si hoja ya kipuuzi.

Si jambo jipya

Lakini vijana wetu wakidhani kwamba jambo hili limezuka juzi, wamekosea. Nyongeza za sataranji ni za kale kuliko mji huu wa mawe tunaoketi.

Msafiri mashuhuri Abul Hasan Ali al-Masudi, mzaliwa wa Baghdad, ndiye yule yule aliyefika katika bahari yetu hii na kuondoka Qanbalu kwenda Oman mwaka 304 wa Hijra, yaani 916 au 917 wa Miladi. Wengi waonelea kuwa Qanbalu ni Pemba. Basi msafiri huyo, katika kitabu chake kiitwacho Muruj adh-Dhahab, ameeleza namna mbalimbali za sataranji zilizojulikana zama zake. Mojawapo ilichezwa juu ya ubao wa vyumba kumi kwa kumi, na kila upande ulizidishiwa kete mbili zinazoitwa dabbaba, maana yake mtambo wa kubomolea ngome. Tazama basi: zaidi ya miaka elfu iliyopita watu walikwisha kuona kwamba vyumba 64 havitoshi!

Aliyepita mipaka ni Timur, yule mfalme wa Samarkand aliyefariki mwaka 1405. Habari zake twazipata kwa Ibn Arabshah, aliyechukuliwa kutoka Damaskasi angali mtoto, mwaka 1401, akapelekwa Samarkand, na baadaye akaandika maisha ya mfalme huyo. Timur aliiona sataranji ya kawaida kuwa ndogo kwa hadhi yake. Akawa akicheza sataranji kubwa yenye vyumba kumi kwa kumi na moja, ukiongeza na ngome mbili za pembeni, jumla 112. Kila upande ulikuwa na kete 28. Mlikuwa na ngamia, mlikuwa na twiga, mlikuwa na wapelelezi, na hiyo mitambo ya kubomolea ngome, na waziri juu ya mshauri. Askari wake walikuwa kumi na mmoja, na kila mmoja alikuwa na jina na cheo chake: askari wa ngome akifika mwisho huwa ngome, askari wa farasi huwa farasi, na askari wa twiga huwa twiga.

Mchezo huo ulikuwa na kila kitu. Ulikuwa na mfalme wa kuutukuza na hazina ya kuugharimia. Na leo uko wapi? Umebaki vitabuni na kwa watu wachache wapendao vitu adimu. Sataranji ndogo, ambayo maskini aweza kuichora kwa mkaa juu ya sakafu, ndiyo iliyobaki duniani.

Kwa nini? Mimi naona sababu ni hii. Sataranji ya Timur iliongeza mzigo wa kukumbuka, haikuongeza chakula cha kufikiri. Mchezaji alilazimika kushika kichwani askari kumi na mmoja wa namna kumi na moja. Alilazimika kuvuka uwanja mrefu kwa kete ambazo nyingi zake hutambaa chumba kimoja au kuruka viwili. Uwanja ulikua, wala miguu haikukua. Huko ni kumpa mgeni nyumba ya vyumba ishirini na mlango mmoja.

Badiliko lililodumu

Hata hivyo msomaji asidhani nasema kwamba sataranji haikupata kubadilika. Ilibadilika, na badiliko kubwa kupita yote lilikuja mwishoni mwa karne ya 15, huko Hispania na nchi za jirani. Waziri, ambaye katika mchezo wa Waarabu alikwenda chumba kimoja tu kwa mshazari, akapewa ruhusa ya kwenda atakako na kwa masafa yoyote. Wazungu wakamwita malkia. Ndovu, aliyekuwa akiruka vyumba viwili tu, akaruhusiwa kusafiri mshazari mzima, na Waingereza wakamwita askofu. Mchezo uliokuwa ukijikokota kama punda wa chokaa ukaanza kukimbia.

Sasa tuhesabu. Vyumba vilivyoongezwa ni vingapi? Hakuna. Kete zilizoongezwa ni ngapi? Hakuna. Vyumba vilibaki 64 na kete zikabaki 32. Kilichozidi ni uwezo wa kete zile zile. Badiliko hilo likaenea na likaufuta mchezo wa zamani karibu kila mahali, kwa sababu mtu hakuhitaji kununua chochote wala kuhifadhi majina mapya. Alihitaji kufikiri zaidi, basi.

Karne nne baadaye hofu ile ile ya leo ikarudi. José Raúl Capablanca wa Cuba alipata ubingwa wa dunia mwaka 1921 bila kupoteza hata mchezo mmoja mbele ya Emanuel Lasker. Akaona mchezo umekuwa mwepesi kwake, akahofia kuwa mabingwa watakapoyajua yote, kila mchezo utaisha sare. Akapendekeza ubao wa vyumba 80 na kete mbili mpya kila upande: moja yenye mwendo wa ngome na wa farasi pamoja, na nyingine yenye mwendo wa askofu na wa farasi.

Likawa gani? Mwaka 1927, huko Buenos Aires, akashindwa na Alexander Alekhine kwa mchezo ule ule wa vyumba 64 aliodhani kuwa umekwisha. Kweli, katika michezo 34 waliyocheza, 25 ilikuwa sare, na hilo sitalificha. Lakini katika ile tisa iliyobaki Capablanca alifungwa mara sita. Mchezo haukuwa umekwisha. Kilichokwisha ni hamu ya bingwa kuuchimba.

Na mambo ya zama zetu ni hayo hayo. Baada ya zile sare 12 za London, watu waliandika kuwa sataranji imekufa. Mwaka 2023, Ding Liren wa Uchina na Ian Nepomniachtchi wa Urusi wakakutana Astana, na katika michezo 14 sita ikapata mshindi. Mwaka 2024, huko Singapore, kijana wa Kihindi wa miaka 18, Gukesh, akamvua Ding ubingwa katika mchezo wa mwisho kabisa, wa kumi na nne, Ding alipokosea mahali ambapo kila mtu alikuwa akingojea sare. Maiti gani huyu anayewaliza watu?

Mwewe na ndovu

Sasa turudi kwenye sanduku la mpwa wangu, maana nyongeza hii haifanani na ya Timur, na si haki kuihukumu kwa makosa ya Timur.

Aliyeibuni ni Yasser Seirawan akishirikiana na Bruce Harper, mwaka 2007. Seirawan amekuwa bingwa wa Marekani mara nne, na amezaliwa Damaskasi mwaka 1960, baba yake akiwa Msyria. Yaani mji ule ule alikotolewa Ibn Arabshah! Kete zake mbili zina miendo ile ile aliyoitaka Capablanca: ndovu ni ngome na farasi pamoja, mwewe ni askofu na farasi pamoja. Lakini Seirawan hakuugusa ubao. Vyumba ni 64 vile vile. Mwewe na ndovu hawawekwi ubaoni mwanzoni, hukaa mkononi. Kete ya safu ya nyuma inapoondoka mara ya kwanza mahali pake, ndipo mchezaji aweza, akipenda, kumtia mmoja wao katika chumba kilichoachwa wazi.

Tuliucheza jioni tatu. Jioni ya kwanza mpwa wangu alicheza na kijana mmoja wa sekondari ambaye amejifunza sataranji kwa simu na kuhifadhi mianzo mingi. Kufikia mwendo wa tano kijana ameduwaa. Yote aliyoyahifadhi yamekuwa kama funguo za nyumba aliyohama. Akaanza kufikiri, tena kwa jasho. Hapo nilikiri moyoni kuwa mpwa wangu ana haki.

Jioni ya pili walicheza watoto wawili waliojifunza sataranji mwaka huu. Hawa walitatizika mno. Waziri mmoja mwenye nguvu alikuwa akiwashinda, sasa wamepewa majitu matatu. Zikaliwa kete kubwa kwa pupa, ubao ukabaki mtupu, na hakuna kati yao aliyeweza kueleza alishinda kwa nini.

Jioni ya tatu niliwaangalia watazamaji badala ya wachezaji. Barazani mchezo si wa watu wawili. Ni wa wawili wanaocheza na kumi wanaotazama, wanaoguna, wanaosahihisha, wanaosimulia mchezo wa mwaka juzi. Jioni ile wazee walikaa kimya. Hatari ilikuwa ikitoka mkononi mwa mchezaji, na wao hawakuweza kuiona ikija. Mmoja baada ya mwingine wakageuza viti wakaenda kutazama bao.

Jawabu la mpwa wangu

Nilipomweleza hayo nikadhani nimemaliza maneno. Akanijibu kwa heshima, lakini alinikamata. "Mjomba, hilo bao lenu je? Kwani kete haziko mkononi?"

Akaendelea kunieleza kitu ninachokijua tangu utotoni, ila sikuwahi kukitazama kwa upande ule. Katika bao la kujifunza, kete zote 64 hupangwa ubaoni tangu mwanzo, mbili mbili katika kila shimo, na watu wakaanza kucheza. Katika bao la Kiswahili hasa, kila mchezaji huweka kete 10 tu: sita katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Kete 22 hubaki mkononi, na kila zamu huingizwa moja. Huko ndiko kunamua. Zikisha za mkononi ndipo mtaji huanza. "Sasa niambie," asema, "hilo la kunamua na la nyumba si nyongeza juu ya bao la kujifunza? Na wewe mwenyewe wasema kuwa bao la kujifunza ni la watoto."

Nilinyamaza. Maalim naye akanyamaza, kisha akasema, "Kijana amekula kete zako."

Basi ikanibidi nifikiri upya, na ninavyoona sasa ni hivi. Kunamua hakukuleta shimo jipya wala kete mpya. Ubao ni ule ule wa mashimo 32 na kete ni zile zile 64. Kilichobadilika ni wakati: kete haikupewi yote mara moja, wapewa kidogo kidogo, na kila moja wataka kujua uiweke wapi na lini. Mtoto aliyejua bao la kujifunza hupanda ngazi akaingia bao la Kiswahili kwa kete zile zile alizonazo. Na mtazamaji aona kila kitu, kwani kila kete yafanana na nyingine, na hakuna ngeni itakayomshtua.

Hapo nikatambua jambo lililonifurahisha. Sataranji ina vyumba 64 na kete 32. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Michezo hii miwili, iliyotoka pande mbalimbali za dunia, imesimama juu ya hesabu moja iliyogeuzwa. Yote miwili imekua kwa kwenda chini kama kisima, haikukua kwa kutanuka kama dimbwi.

Na kina hicho hakijaisha. As-Suli, bingwa wa sataranji wa Baghdad aliyefariki yapata mwaka 946, aliacha fumbo moja lenye kete nne tu ubaoni: mashaha wawili na mawaziri wawili, wale wa zamani waendao chumba kimoja. Fumbo hilo lilikaa zaidi ya miaka elfu moja, mpaka miaka ya 1980 ndipo Yuri Averbakh, bingwa wa Urusi ya Kisovieti, alipotangaza ufumbuzi wake. Kete nne, miaka elfu! Tena katika mchezo ule mzito uliobadilishwa kwa kuwa watu waliona hautoshi. Anayesema kuwa kete 32 zimekwisha na amfikirie as-Suli.

Mizani ya mambo

Kwa hivyo jawabu langu si la ndiyo wala la siyo, ila ni la mizani. Nyongeza yoyote nitaipima kwa mambo matatu.

Kwanza, je, yaongeza fikira au yaongeza kumbukumbu? Kunamua kumeongeza fikira, na waziri wa karne ya 15 ameongeza fikira. Ngamia na twiga wa Timur wameongeza kumbukumbu. Mwewe na ndovu wa Seirawan wamewaongezea fikira waliokwisha kuujua mchezo, na wamewaongezea fujo wasioujua.

Pili, je, yamwacha mtazamaji ndani au yamtoa nje? Mchezo usiotazamika hauwezi kukaa barazani, na ukitoka barazani kijana atacheza peke yake na simu. Tutakuwa tumenunua mbao na kupoteza baraza.

Tatu, je, yakaa katika wakati wake? Wanazuoni wengi wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wameihesabu sataranji kuwa makuruhu, si haramu, maadamu haina kamari, haina matusi, wala haimpotezei mtu sala. Sharti hili la sala ni kipimo cha mchezo pia. Kati ya al-asiri na magharibi pana nafasi ya mchezo mmoja wa kutulia na maneno mawili ya kheri baada yake. Mchezo uliotanuliwa hata ukaivuka adhana, hata ukiwa mzuri vipi, haukukatwa kwa ajili yetu.

Iko njia nyingine ya kuyavunja yaliyohifadhiwa, nayo haina gharama hata ya senti moja. Mwaka 1996, huko Buenos Aires, Bobby Fischer wa Marekani alitangaza sataranji ambayo kete za safu ya nyuma hupangwa kwa bahati. Kuna sharti kwamba maaskofu wawili wakae rangi mbalimbali, na shaha akae kati ya ngome zake mbili. Hupatikana mipango 960. Mwaka 2019 ukafanywa ubingwa rasmi wa dunia wa mchezo huo na Wesley So akamshinda Carlsen. Carlsen mwenyewe, aliyeuacha ubingwa wa kawaida, ndiye leo miongoni mwa watetezi wake wakubwa. Hakuna mwewe, hakuna ndovu, hakuna ubao mpya.

Tuliujaribu. Wengine huupanga kwa kurusha dadu, na mpwa wangu alikuwa nayo mfukoni. Maalim akakataa. "Kura naijua," asema, "dadu sitaki kuiona hapa." Basi watoto wakatia kete kofiani wakawa wakichomoa moja moja, na sharti likivunjika warudisha na kuchomoa tena. Ilikuwa furaha tupu, na yule kijana wa simu akaanza kufikiri tangu mwendo wa kwanza. Wazee nao wakarudisha viti vyao.

Rai niliyotoa kwa vijana, nao wakaikubali baada ya ubishi wa siku mbili, ni hii. Sanduku la mwewe na ndovu alilolileta mpwa wangu libaki barazani kwa ajili ya wale waliokwisha kukomaa, tena tumshukuru, maana pasipo yeye tusingalifikiri yote haya. Lakini pesa za mchango zisinunue jingine. Zinunue sataranji za kawaida kwa wingi, kwani kwa bei ya moja ya hizo mpya twapata za kawaida kadhaa, na kila ubao ni watoto wawili walioketi. Salio apewe fundi achonge mabao mawili ya Kiswahili. Na kila Jumamosi itolewe ile kofia.

Mpwa wangu amerudi Dubai hajaridhika kabisa. Aliniaga akisema kuwa baada ya miaka hamsini watu watacheza na mwewe na ndovu na kunicheka mimi. Yawezekana. Waliomcheka aliyempa waziri miguu mirefu walikuwapo pia. Nami namtakia kila la kheri, ila nimemtumia beti moja:

Ngome haiwi imara, kwa wingi wa mawe chini,
Jahazi haina dira, matanga mengi ya nini?
Mchezo wenye kung'ara, siri yake i kichwani,
Kuongeza si kukuza, hilo lijue yakini.

Wasomaji walio na rai nyingine, na hasa wale wa Lamu na Unguja ambako bao bado lina mafundi wake, wasisite kuniandikia. Mchezo uko wazi, na zamu ni yao.